Maswali ya Wasomaji: Zawadi za mkono kwa watoto wanaotibiwa saratani

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinauliza jambo moja: tushone nini, na je, kitapokelewa wodini? Tumezipanga kuanzia yenye ushonaji mwingi.

SWALI: Tuko akina mama 14 wa Nkuhungu, tuna vyerehani 4, viwili ni vya miguu. Tunataka kuwashonea kofia watoto walionyonyoka nywele kwa sababu ya dawa. Tumeshona tatu za mfano, lakini kila mtoto wa hapa mtaani tunayemvisha anaivua. Tumekosea wapi? (Kikundi cha akina mama, Nkuhungu)

JIBU: Ni mshono wa ndani. Watoto wa shule wananyolewa kipara, kwa hiyo jaribio lenu lilikuwa zuri kuliko mlivyodhani. Kichwa kisicho na nywele kinasikia kila uvimbe wa uzi. Mtoto aliye kwenye dawa anausikia zaidi, maana ngozi yake imekauka na anashinda amelala, kichwa kikisuguana na mto. Kofia ya safu moja yenye oveloki ndani haitamfaa hata ishonwe na fundi bingwa. Shoneni ya safu mbili, mishono ibaki katikati ya safu hizo.

Kitambaa kiwe cha tisheti, cha pamba. Kukijaribu dukani, shikeni sentimita 10 kwa vidole mvute kwa upana. Kikifika 13 bila kulazimishwa na kikarudi, kinafaa. Kifueni kabla ya kukata, kwa sababu kitambaa cha tisheti husinyaa kwenye maji ya kwanza, na kofia iliyokatwa kabla ya hapo itambana mtoto ikifuliwa.

Kwa kichwa cha sentimita 51, ambacho ni cha mtoto wa miaka 5 hivi, kateni vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja upana 25 na urefu 46. Kitambaa kivutike kwa upana, si kwa urefu. Ncha zote mbili za urefu zizungushwe ziwe kama nusu duara, mkianza kupinda sentimita 8 kabla ya mwisho. Mkiziacha na pembe, kofia itatoka na masikio ya paka. Wekeni vipande uso kwa uso, shoneni kuzunguka pote sentimita 1 kutoka ukingoni, mkiacha uwazi wa sentimita 6 ubavuni. Uwazi huo usiwe katikati ya ubavu, kwani pale ndipo kofia itakapokunjika kuwa ukingo, na mshono wa mkono wa mahali hapo hufumuka. Geuzeni kupitia uwazi, ufungeni kwa mkono kwa mishono midogo, kisha sukumeni nusu moja iingie ndani ya nyingine. Nusu yenye mshono wa mkono ndiyo ibaki nje. Hapo mna kofia yenye kina cha sentimita 22.

Kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3, upana wa kila kipande uwe 24 na urefu 42. Kwa wa miaka 10 na kuendelea, 27 kwa 50. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa 150 inatoa kofia 5 za saizi ya kati baada ya kusinyaa. Msishone zote za saizi moja. Wala msitie lasteki ukingoni: dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo watoto wengi wa saratani ya damu hupewa, huvimbisha uso. Kofia iliyomkaa vizuri mwezi huu inaweza kumwachia alama kwenye paji mwezi ujao.

Kuhusu vyerehani vya miguu: mshono mnyoofu kwenye kitambaa kinachovutika hukatika siku ya kwanza kofia ikivutwa. Kitambaa kinapopita chini ya sindano, kivuteni kidogo kwa mbele na nyuma, lakini kisipate mawimbi. Vile viwili vingine, kama vina zigizaga, viwekeni upana milimita 1 na urefu 2.5. Sindano iwe ya jezi, yenye ncha butu kidogo. Ya kawaida huruka mishono na kutoboa matundu ambayo hamtayaona mpaka kofia ifuliwe.

Vito, maua ya plastiki na nembo za kubandika kwa pasi, acheni. Na nyeupe pia. Inapendeza kwenye picha, lakini wodini inaonyesha kila tone la dawa.

SWALI: Mimi nafuma tu, sina cherehani. Kofia ya uzi inafaa? Zangu zinatoka bapa kama sahani au zinakuwa na mawimbi. (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Inafaa kama uzi ni wa pamba au akriliki laini ya watoto wachanga. Sufu halisi inawasha na hujikunja ikifuliwa kwa maji ya moto. Kujaribu uzi, usugue shingoni mwako kwa dakika moja. Ukikuwasha wewe, usiutumie.

Sahani na mawimbi yote yanatokana na kuongeza mishono bila hesabu. Anza na mishono 12 ya kusimama kwenye kitovu, kisha kila mzunguko uongeze 12: 24, 36, 48. Ikianza kujikunja kama bakuli kabla ya wakati wake, unaongeza michache mno. Ikipata mawimbi, unaongeza mingi mno. Duara likifika sentimita 15 kutoka ukingo hadi ukingo, acha kuongeza kabisa, fuma moja kwa moja hadi kina cha 18 au 19. Hiyo itakaa kwenye kichwa cha 50 au 51.

Jambo moja la hali ya hewa. Kofia nzito ni ya usiku wa Juni na Julai wa Dodoma, upepo ukivuma. Mtoto akipewa rufaa kwenda Muhimbili, jasho la Dar es Salaam litamfanya aivue. Ukijua anakokwenda, chagua uzi kwa kuangalia huko.

SWALI: Nimekuwa fundi cherehani miaka mingi, sasa nimestaafu. Nataka kushona wanasesere wa watoto hao kwa mabaki ya vitambaa, nijaze sufi ninayoipata huku kwetu. Macho niweke vifungo. Mnasemaje? (Mzee fundi, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mabaki ya vitambaa vya pamba sawa, sufi na vifungo hapana.

Sufi ina vumbi na haifuliki, ikilowa inashikana mabonge na kukaa na unyevu ndani. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, na katika siku hizo ukungu na bakteria ambao mtoto mwingine asingewasikia vinaweza kumpeleka chumba cha uangalizi. Vipande vya godoro navyo hunywa maji, kisha huvunjika kuwa unga. Tumia faiba ya mito, mpya. Mwanasesere wa sentimita 30 anakula gramu 80 hadi 100.

Macho na mdomo udarizi kwa uzi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, chochote kinachopita kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba, na kifungo kinapita. Udarizi kabla ya kuunganisha kichwa, uso ukiwa bado bapa. Ukidarizi baada ya kujaza, fundo la uzi halina pa kujificha.

Kwa mwili, popolini ya kahawia inakaa vizuri. Ikate mbele na nyuma kwa kipande kimoja kimoja, mikono na miguu ikiwa humo humo. Kiungo kilichoshonwa pembeni kisha kikaunganishwa ndicho kinachong'oka kwanza. Shingo isipungue sentimita 5 kwa upana. Nyembamba kuliko hapo, kichwa kitalala kifuani baada ya siku chache hata ujaze vipi. Mshono uwe wa milimita 2, upitishe mara mbili. Kabla ya kugeuza, chanja ukingo kwa ncha ya mkasi kwenye shingo na makwapani, ukiacha milimita 2 kabla ya uzi. Usipochanja, pale patakunjamana. Jaza kidogo kidogo, kiasi cha ngumi ya mtoto, ukianza kichwani na kushindilia kupita shingo kabla ya kuingia kifuani. Ukimaliza vuta kila mkono na mguu kwa nguvu zako zote za fundi.

Nywele asiwe nazo. Mshonee kofia inayovulika, mtoto aamue mwenyewe lini mwanasesere awe kipara. Mwache bila kovu wala chozi. Wauguzi hutumia mwanasesere wa namna hii kumwonyesha mtoto sindano itakapoingia au bandeji itakapokaa, kwa hiyo mkono uwe mnene wa kutosha kufungwa plasta.

SWALI: Dada yangu ana mtoto mwenye saratani ya jicho, ameondolewa jicho moja na la pili haoni vizuri. Nimtengenezee nini? (Msomaji, Singida)

JIBU: Kitabu cha nguo. Kurasa 6 za sentimita 20 kwa 20, kila moja safu mbili, na kila ukurasa mguso tofauti: taulo, jinzi, satini, korduroi, kitenge kilichokunjwa marinda. Shona vitu vyenye umbo analolijua kwa mkono, kama kikombe, kuku, ndala. Sauti inapatikana kwa njuga ndogo, lakini kila moja ishonwe ndani ya kifuko cha safu mbili, na awe amepita miaka 3. Mbegu na mchele usitie, vikilowa vinaota ukungu. Rangi usizipuuze, kwani jicho linaloona kidogo bado linafurahia njano iliyokaa juu ya nyeusi.

SWALI: Naona watoto wanavyoogopa kuangalia kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, mkononi. Nikishona vifuniko vya kitenge vyenye lasteki, vya katuni, si vitawasaidia? (Dada, Kisasa)

JIBU: Nia ni njema, ila hapana. Muuguzi lazima aone ngozi inayozunguka kanula muda wote dawa inapopita. Vinkristini na doksorubisini, ambazo ni dawa za saratani, zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na dalili za mwanzo ni uvimbe mdogo, wekundu, mtoto kulalamika kuwa panachoma. Kifuniko kinaficha uvimbe, na lasteki inabana damu isirudi.

Ujuzi huo utumie kwenye shati la kufunguka mbele. Liwe la pamba, mikono mipana inayopitisha mkono wenye bandeji (mzunguko wa sentimita 36 kwa mtoto wa miaka 6), na mshono mmoja wa bega ufunguke kwa vifungo vitatu vya kubonyeza vya plastiki, si vya chuma, maana vya chuma atavuliwa kila akipigwa eksirei. Aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa figo halazimiki kuinua mikono kulivaa. Shati la namna hii halipigiwi makofi kama mdoli, lakini ndilo mama atakaloliomba la pili.

SWALI: Shuleni kwetu tuna klabu ya shanga. Tumesikia mtoto anapewa ushanga mmoja kwa kila tiba aliyopitia. Tunaweza kuanzisha? (Mwalimu, Chamwino)

JIBU: Mwalimu, utaratibu huo umejulikana sana kupitia Beads of Courage ya Marekani: rangi moja kwa sindano, nyingine kwa kuongezewa damu, nyingine kwa usiku wa kulazwa, mpaka mtoto anakuwa na historia yake kwenye uzi. Kwa Wagogo, ambao shanga zina maana tangu zamani, utaratibu huo hauhitaji maelezo mengi.

Ugumu wake uko kwenye hesabu. Tiba ya saratani ya damu ya limfu huchukua miaka 2 hadi 3. Mkitoa shanga 4 kwa wiki, mtoto mmoja anahitaji 208 kwa mwaka, watoto 10 wanahitaji 2,080. Shanga zikiisha Machi, yule aliyechomwa sindano 5 na kupewa 3 atauliza, na atakuwa na haki. Anzeni na matukio mawili tu, wekeni akiba ya mwaka mzima mkononi, ndipo mzungumze na wodi. Anayegawa awe muuguzi, wakati ule ule wa tiba.

Ushanga uwe wa milimita 8 na tundu la 2. Vinkristini huwatia watoto ganzi kwenye vidole, na shanga ndogo za kiuno zitamchosha kabla hajatunga tatu. Uzi uwe wa nailoni, na fundo la mwanzo lishikilie ushanga mmoja ili nyingine zisichomoke. Usivaliwe shingoni wala kwenye mkono wenye kanula. Unatundikwa mahali muuguzi atakapoonyesha. Wenye chini ya miaka 5 wawekewe na mzazi.

SWALI: Kwenye mfuko wa zawadi naweza kuongeza zabibu za hapa kwetu na ubuyu? (Msomaji, Miyuji)

JIBU: Usiongeze. Dawa huchubua midomo ndani, na ubuyu wa rangi juu ya vidonda hivyo ni mateso. Zabibu na matunda mengine yanayoliwa na ganda yanategemea chembe nyeupe za mtoto siku hiyo na yameoshwaje, na anayejua hayo ni muuguzi wake. Mpe mama yake, aulize.

SWALI: Darasa la tano wanaandika kadi 50. Watoto wameanza na "pole sana" na "utapona kesho". Tuwaongoze vipi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Kizota)

JIBU: Wasiahidi kupona, na wasiweke siku. Anayelazwa ameshasikia "kesho" nyingi. Kadi inayosomwa mara ya pili ni ile inayompa kazi, mfano kitendawili mbele na jibu nyuma. "Kuku wangu katagia mibani", jibu nanasi. Au mchoro ulioachwa nusu ili aumalizie. Maneno 20 yanatosha, herufi kubwa, na picha iwepo, kwa kuwa wapo wanaotoka kwenye Kirangi, Kisandawe au Kinyaturu na Kiswahili cha kusoma bado hakijawakaa. Jina la kwanza la mwandishi tu, bila namba ya simu.

Karatasi ngumu ya A4 ikunjwe mara moja. Unga wa kumetameta hapana, unadondoka kitandani na kuingia machoni. Pini za stepla hapana: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka, mchubuko mdogo unatoka damu muda mrefu. Mkiweza kuzilamineti, zitafutika kwa kitambaa chenye dawa. Lakini kateni pembe ziwe za mviringo, maana pembe ya plastiki inachoma.

SWALI: Ofisini kwetu tumekusanya zawadi 60, tunataka kuzipeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa mwezi Septemba. Tunaingia tu? (Watumishi, Area C)

JIBU: Hapana. Nendeni kwanza bila zawadi, kwa ofisi ya ustawi wa jamii au muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, muulize: wako wangapi sasa, wa umri gani, nini hawaruhusu, nani atapokea, siku gani haina msongamano. Hospitali yoyote utaratibu ni huo. Inawezekana mkaambiwa wanaotibiwa saratani ni wachache kuliko 60, kwa sababu wengine wamepelekwa Muhimbili. Gaweni kwa awamu. Septemba ni mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani za watoto, na 15 Februari ni siku yao ya kimataifa, kwa hiyo zawadi huja kwa mafuriko vipindi hivyo. Mei na Novemba kabati ni tupu.

Usafi ndio unaorudisha zawadi nyingi mlangoni. Kila cha kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya mche isiyo na manukato, kisuuzwe mara mbili. Harufu ya marashi, udi au dawa ya kulainishia nguo inamtapisha mtoto aliyetoka kwenye dripu. Msianike kwenye ua wala chini, maana vumbi la Dodoma hubeba mbegu za ukungu. Anikeni ndani ya chumba chenye hewa, au nje mkifunika kwa khanga safi. Mwanasesere akae siku 2 kamili. Mkimbana tumboni na pakawa baridi kuliko mkononi, bado ana maji. Kisha pasi ya moto pande zote kwa vya pamba, ambayo pia huua mayai ya nzi wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa nje. Midoli ya mitumba iliyojazwa msipeleke hata ikifuliwa.

Kila zawadi ifungwe peke yake, iandikwe umri na vilivyotumika: "pamba, faiba, miaka 4 hadi 7". Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani. Picha za watoto msipige bila ridhaa ya mzazi na ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za afya na za watoto, na hapo mnagusa zote mbili. Mkibakiwa na fedha, nunueni ndoo yenye mfuniko na khanga kwa ajili ya anayeuguza. Analala pale pale, na mara nyingi hakuna aliyemfikiria.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 14, yuko kwenye matibabu. Wageni wanamletea midoli, ameanza kuwanunia. Nimshonee nini? (Kaka mtu, Bahi)

JIBU: Mshonee drafti. Kitambaa cha jinzi, miraba 64 ya sentimita 4, jumla 32 kwa 32, na ukingo wa sentimita 5 kila upande. Usikate miraba mmoja mmoja. Kata mistari 4 ya jinzi nyeusi na 4 ya khaki, kila mmoja upana 6 na urefu 50, shona mistari sambamba ukipishanisha rangi, sentimita 1 kutoka ukingoni, piga pasi, kisha kata tena kwa kukatisha, vipande 8 vya upana wa 6. Kila cha pili kigeuze juu chini, unganisha, miraba inajipanga yenyewe. Pembe zikikataa kukutana, mara nyingi ni kwa sababu hukupiga pasi mishono ielekee pande tofauti kabla ya kuunganisha.

Kete ni vifungo vikubwa vya koti vya milimita 25, 12 kwa kila rangi. Vizibo vya soda ndivyo vya kijiweni, lakini meno yake yanachubua, na huyu si mtu wa kuchubuliwa sasa. Nyuma ya ubao shona mfuko wa kete, ubao wote ukunjike mara mbili uwekwe chini ya mto. Ongeza kete 2 za akiba kila rangi, kwa sababu mashukani zitapotea.